Kijiti cha Pili

Fundi hatupi kitu. Ingia kwenye chumba chake cha kushonea uone mwenyewe. Kapu limejaa vipande vya vitambaa. Zipu za zamani zinaning'inia msumarini. Na mezani, kando ya cherehani, kuna kopo la maziwa lisilo na kifuniko. Kila kitu kidogo kinachookotwa sakafuni kinaishia humo: vifungo visivyo na wenzao, ndoano za sketi, vipande vya plastiki vya kukazia kola. Wateja humtania.

"Fundi, humo si ajabu hata jino langu la utotoni limo!"

"Tafuta, usikose," hujibu, huku anakanyaga cherehani.

Asubuhi moja alikuwa anafagia. Akaokota kitu cheupe, chembamba, kirefu kama njiti ya kiberiti. Akakipinda kwa vidole. Kikapinda, kisha kikanyooka tena. Siku hizo alikuwa anapunguza kiuno cha gauni la bibi harusi, gauni lenye viplastiki vya kulikaza kifuani. Akaona ni kipande cha gauni hilo. Akakitia koponi, akaendelea kufagia.

Alifagia kwa mkono mmoja. Mkono wa kushoto ulikuwa na kidonda.

Kidonda hicho kilikuwa na siku tisa. Kilitokana na vipandikizi vya kuzuia mimba, vile ambavyo watu huviita vijiti. Fundi hakuviweka kwa kufuata mkumbo. Mtoto wake wa tatu alipozaliwa, miezi kumi nyuma, alitokwa na damu nyingi mno. Aliongezewa chupa tatu za damu. Alipozinduka, alimwona mume wake amekaa pembeni ya kitanda, analia bila kujificha. Daktari akawaambia wote wawili: "Mama huyu asibebe mimba kabla ya miaka miwili. Safari hii tumempata. Safari nyingine sijui."

Maneno hayo hayakumtoka Fundi. Alikuwa na watoto watatu, na alitaka kuwalea yeye mwenyewe.

Basi akasikia wahudumu wa afya wamekuja shule ya jirani kwa siku moja kuweka vijiti. Akaenda. Foleni ilikuwa ndefu. Zamu yake ilipofika, mhudumu akamuuliza:

"Kazi zako unafanya kwa mkono gani?"

"Wa kulia," akajibu haraka.

Haikuwa kweli. Fundi anakata kitambaa kwa mkono wa kushoto. Anainua pasi kwa mkono wa kushoto. Ila utotoni alichapwa sana vidole kwa sababu ya mkono huo, nyumbani na shuleni. Tangu hapo, akiulizwa na mtu mwenye madaraka, ulimi unasema kulia wenyewe. Mhudumu akavaa glavu, akamchoma sindano ya ganzi, akamwekea vijiti viwili ndani ya mkono wa kushoto, juu ya kiwiko. Muda wote Fundi aliangalia ukutani. Damu yake mwenyewe humtia kizunguzungu.

Mhudumu alieleza mambo mengi. Usiloweshe bendeji. Usinyanyue vitu vizito siku za mwanzo. Gusa hapa uvisikie vyote viwili. Fundi aligusa juu juu, uso umegeukia kule kule ukutani. Katika maneno yote yale alirudi nyumbani na moja tu: "Maumivu kidogo ni kawaida."

Hilo neno kawaida lilimponza.

Mchana ule ule alirudi kazini. Bendeji ikamsumbua, akaitoa. Jioni akamwogesha mtoto, mkono ukaingia kwenye beseni mpaka kiwikoni. Siku ya pili palikuwa na uvimbe kidogo na rangi ya zambarau. Akajiambia ni kawaida. Na kweli, hiyo ilikuwa kawaida. Siku ya tano pakawa pekundu, pana joto, panagonga kama moyo. Akamwonyesha wifi yake, msusi wa chumba cha pili.

"Ah, wifi, hiyo ni kawaida," msusi alisema, mdomoni ana kitana. "Mwili unapigana na mgeni."

Siku ya saba usaha ukaanza kutoka. Fundi akachana kipande cha bitana kwenye kapu la mabaki, akafunga nacho.

"Nenda zahanati," mume wake akamwambia.

"Baba watoto, walishasema ni kawaida. Nikawasumbue na nini?"

Siku ya nane, jioni kabla ya kufunga chumba, akabadilisha kitambaa. Kilikuwa kimeganda. Akafumba macho, akauma meno, akakivuta kwa nguvu. Yowe likamtoka. Akakikung'uta kitambaa bila kukitazama, akafunga kingine, akaenda nyumbani. Asubuhi yake ndiyo ile aliyofagia.

Baada ya hapo maumivu yakapungua. Kidonda kikanywea, kikaziba, kikaacha kovu. Msusi akajigamba mtaa mzima kwamba wifi yake alisikia ushauri.

Wiki ya sita, Fundi alikuwa anajipima blauzi mbele ya kioo. Vidole vikapita juu ya mkono. Akasikia kijiti kimoja, kigumu kidogo chini ya ngozi. Akatafuta cha pili. Akabonyeza huku, akabonyeza kule. Hakukiona.

Kijiti kiko wapi?

Akamwita msusi. Msusi naye akabonyeza, akakuna kichwa.

"Kimetembea, wifi."

"Kimetembea kwenda wapi?"

"Mteja wangu mmoja alinisimulia. Kuna mtu kilimfika moyoni."

"Nani huyo?"

"Jamaa yake. Au jirani ya jamaa yake. Simjui, lakini kilimfika."

Jioni akamuuliza mume wake, fundi rangi wa nyumba. Mume akawaza, mikono ina madoa ya chokaa.

"Labda waliweka kimoja."

"Walisema viwili!"

"Kusema ni kusema. Uliona?"

Fundi hakuona. Aliangalia ukuta.

Sasa akawa hajui ashike lipi. Kama kimetembea, kitamuua. Kama hakikuwekwa, basi hana kinga, na mimba itamuua. Tena hedhi yake haikuwa imekuja. Mama mmoja kwenye foleni siku ile alisema vijiti huzuia hedhi. Mwingine akasema huileta mara mbili kwa mwezi. Wote wawili walisema kwa uhakika, kana kwamba wamesomea. Fundi akashona mikono miwili ya shati upande mmoja. Akaifumua. Akaishona tena upande ule ule.

Kila fundi wa nguo anaiogopa sindano inayovunjikia mwilini. Wanasema hupenya taratibu hadi itokee pengine. Kwa Fundi, kijiti na sindano vilikuwa jamaa moja, kwa kuwa hakuwahi kukitazama kijiti. Na sindano ikipotea, fundi anatumia nini? Sumaku. Yeye alikuwa nayo kubwa, aliyoitoa kwenye spika ya redio mbovu, ya kuokotea pini sakafuni.

"Wifi, shika. Pitisha taratibu kuanzia begani."

Msusi akapitisha sumaku begani, kwapani, mbavuni, kifuani. Haikuvuta kitu. Akaipeleka juu ya kijiti kile kinachosikika. Nacho hakikuvutwa.

"Mbona hata hiki inakikataa?" Fundi aliuliza, karibu kulia.

"Mimi sasa sielewi," alisema msusi. Ilikuwa mara ya kwanza mtaa ule kumsikia akisema hivyo.

"Hodi humu ndani!"

Pazia likafunuliwa. Alikuwa muuguzi wa zahanati, amefuata sare yake iliyoongezwa upana. Watu humwita Mama Saa, kwa sababu ya saa aliyoibana kifuani, anayoitazama hata akiwa anacheka. Akawakuta watu wazima wawili, mmoja ameshika sumaku, mwingine amevua mkono mmoja wa blauzi.

"Mnatafuta dhahabu?"

Fundi alitaka kucheka, kikamtoka kilio. Akaeleza yote, mbele nyuma, nyuma mbele. Mama Saa akakaa kwenye kigoda, akamsikiliza mpaka mwisho. Kisha akanawa mikono, akaupapasa mkono kwa ncha za vidole.

"Nasikia kimoja. Ngoja nikuulize. Vidole vinakufa ganzi? Vinachoma kama sindano?"

"Hapana."

"Homa unayo?"

"Sasa hivi sina. Wakati wa kidonda nilikuwa natetemeka usiku, nikajifunika."

"Kidonda gani tena?"

Fundi akamweleza habari ya usaha na bitana. Mama Saa akafumba macho kidogo.

"Mwanangu, kwa nini hukuja?"

"Walisema ni kawaida."

"Walisema maumivu kidogo. Kuvilia damu kidogo na kuvimba kidogo ni kawaida, na kila siku inayopita hupungua. Wewe yako ilipungua?"

"Iliongezeka."

"Basi hapo ndipo pa kushika. Kikizidi badala ya kupungua, rudi. Wekundu unaoenea, joto, usaha, homa, hivyo havisubiri."

"Na hiki kilichotembea?" msusi akadakia. "Hakijafika moyoni?"

"Kuhama mbali ni nadra sana. Mara nyingi kijiti kisichosikika kimewekwa ndani mno, kwenye nyama. Kikiwa hivyo hakitafutwi kwa sumaku, wala kwa wembe, wala mtu asikikamue nyumbani. Utajikata mshipa bure. Kuna mashine ya kukiona. Kesho asubuhi njoo zahanati, nikuandikie barua twende wote hospitali. Na mumeo aje." Akatazama saa yake. "Na mpaka tujue kiko wapi, jihesabu huna kinga. Tumieni kondomu, kuanzia leo."

Fundi aliishika sumaku mapajani. Jihesabu huna kinga. Na wiki zote zile zilizopita?

Kesho yake walikwenda watatu. Mume alivaa shati lake la kwenda kwa wakubwa. Daktari wa picha, kijana mwenye sauti ya chini, akampaka Fundi jeli ya baridi mkononi, akatelezesha kifaa cha ultrasaundi. Kwenye kioo cha mashine kukatokea ukungu wa kijivu. Akaonyesha kidole.

"Hiki hapa kimoja. Kimekaa vizuri, karibu na ngozi."

Akaendelea kutafuta. Akapanda hadi kwapani. Akarudi. Mume wa Fundi alikuwa ameshika kofia yake kwa mikono miwili.

"Cha pili hakipo kwenye mkono huu," daktari akasema.

"Kiko moyoni," Fundi akanong'ona.

"Tusifike huko kwanza. Kabla ya kukitafuta mwilini, tuulize kama hakijatoka. Vijiti hutoka wakati mwingine, hasa kidonda kikiota usaha, au vikiwekwa karibu mno na tundu. Hukuona kitu kimetoka?"

"Sikuona kitu, daktari. Ningeiona sindano."

"Sindano?" Mama Saa akageuka. "Fundi, wewe unadhani kijiti kikoje?"

"Si chuma chembamba?"

Mama Saa akafungua mkoba wake. Alikuwa na kijiti cha kufundishia, anachowaonyesha akina mama kliniki. Akamwekea kiganjani.

Kilikuwa cheupe, chembamba, kirefu kama njiti ya kiberiti. Fundi akakipinda kwa vidole. Kikapinda, kisha kikanyooka tena.

Vidole vyake vilikijua kitu kile kabla ya akili yake. Aliona ufagio, aliona sakafu, aliona gauni la bibi harusi.

"Baba watoto," akasema polepole, "nenda kaniletee kopo."

"Kopo gani?"

"Kopo langu la maziwa. La vifungo. Lilete lote kama lilivyo."

Mume akamtazama kama mtu aliyerukwa na akili. Lakini akaenda. Akarudi anahema, kopo amelikumbatia kifuani. Wakalimwaga juu ya karatasi. Vifungo vikatawanyika, ndoano, viplastiki vya kola, na katikati yake, kimechafuka vumbi, kijiti cha pili. Mama Saa akavaa glavu, akakiweka sambamba na kile cha kufundishia. Vilikuwa sawasawa.

Mume akaangua kicheko cha ahueni. "Tumekitafuta moyoni, kumbe kimelala na vifungo!"

Fundi hakucheka. Alikuwa anahesabu siku kwa vidole. Kijiti kilitoka siku ya nane. Tangu siku ile, zaidi ya mwezi, alikuwa amelala kwa amani akijua analindwa, kumbe kinga yake ilikuwa nusu. Na hedhi haijaja.

"Mama Saa," akasema. "Kama ninayo mimba je?"

Kicheko cha mume kikakatika.

"Tupime," alisema Mama Saa. "Mkojo kidogo tu. Kukosa hedhi peke yake hakutuambii kitu. Vijiti huivuruga hedhi. Wengine hupata matone matone, wengine nyingi, wengine hawapati miezi mingi. Ndiyo maana tunapima, hatukisii."

Walisubiri kwenye benchi la korido. Dakika tano tu, lakini Fundi aliupitia mwaka mzima uliopita: chupa za damu, kitanda, mume analia. Alimwogopea mtoto wake mdogo aliyeachwa kwa msusi. Mume akamshika mkono, ule wenye kovu.

"Ningekupeleka kwa nguvu siku ile ya usaha," akasema.

"Nisingekubali."

"Ningekubeba."

Mama Saa akatoka. Mkononi ana kile kikaratasi chembamba cha kupimia.

"Mstari mmoja. Huna mimba."

Fundi alilia pale pale koridoni, watu wanapita. Mume akavua kofia, akaivaa, akaivua tena.

"Tutarudia kipimo baada ya wiki tatu tuwe na uhakika," Mama Saa akaendelea. "Kondomu kila mara mpaka hapo, bila kuruka hata siku moja. Baba, umesikia? Nakuambia wewe."

"Nimesikia, Mama Saa."

"Kipimo kikiwa safi, tunakitoa hiki kilichobaki, tunaweka viwili vipya. Au ukipenda uchague njia nyingine. Ni mwili wako."

"Nataka vijiti," alisema Fundi. "Ila safari hii nataka kuelewa."

Wiki tatu zikapita. Kipimo kikaonyesha mstari mmoja tena. Mama Saa akavaa glavu.

"Unafanyia kazi mkono gani?"

Ulimi wa Fundi ukaanza kusema kulia. Akaukamata.

"Wa kushoto," akasema. "Nakata kwa kushoto, napiga pasi kwa kushoto. Tangu nizaliwe."

"Basi vipya tunaweka wa kulia, wa kushoto ufanye kazi zake. Hakuna wa kukuchapa hapa."

Kijiti kilichobaki kikatolewa. Vipya vikaingia. Fundi hakuangalia ukuta. Kizunguzungu kilimjia, akaomba maji, akaendelea kuangalia. Mama Saa alipomaliza, akamshika vidole akaviweka juu ya ngozi.

"Kimoja?"

"Kimoja."

"Na cha pili?"

Fundi akabonyeza taratibu. "Na cha pili."

"Ndiyo. Kila ukioga, baada ya kidonda kupona, viguse hivyo hivyo. Usipokisikia kimoja, njoo. Ukipata maumivu makali ya kichwa, au macho yakaona ukungu, njoo. Damu ikitoka nyingi ya kukutia wasiwasi, njoo. Na siku utakayotaka kuvitoa, hata kesho, njoo. Hatugombezi mtu kwa kuja."

Safari hii bendeji ilikaa siku zote tano alizoagizwa, kavu. Mume alimwogesha mtoto, ingawa mtoto alitoka kwenye beseni na sabuni masikioni. Pasi aliinyanyua msusi, huku analalamika kwamba yeye si kijakazi wa mtu. Palivilia damu kidogo. Siku ya tatu rangi ikapungua, siku ya tano ikapungua zaidi, na baada ya wiki mbili Fundi ilimbidi atafute kovu kwa kidole. Gauni la bibi harusi lilikuwa limeshaisha, limeshachukuliwa. Kopo likarudi mezani. Ila sasa kila kinachookotwa Fundi hukitazama vizuri kwanza.

Miezi miwili baadaye akaja msichana mmoja kupimwa gauni la mikono mifupi. Fundi akazungusha utepe kifuani, akazungusha kiunoni. Alipofika mkononi, msichana akajivuta. Chini ya shali kulikuwa na kitambaa cha leso kimefungwa juu ya kiwiko.

"Nini hapo?"

"Si kitu, Fundi. Niliweka vijiti wiki iliyopita. Panauma uma tu. Wamesema ni kawaida."

Fundi akaweka utepe mezani. Akanawa mikono kwa sabuni. Akavuta kigoda karibu na dirisha, kwenye mwanga.

"Kaa hapa, mdogo wangu," akasema. "Nguo itasubiri. Kwanza niambie: panapungua, au panazidi?"

Msichana akafikiri. Macho yakamjaa machozi taratibu.

"Panazidi."

Fundi akachukua ufunguo, akafunga chumba mchana kweupe, na wateja wawili wamesimama mlangoni. Akamshika mkono ule mzima, wakaenda zahanati.